Chenga za Alhamisi

"Wananchi watukufu, mlioko mijini, mlioko vijijini, na mlioko mnakokujua wenyewe. Leo, saa sita kamili mchana, taifa letu linaizika analojia. Tumeishi nayo kwa uvumilivu mkubwa. Imetupa picha zenye vivuli, sauti zenye mafua, na mistari inayopanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi. Kuanzia leo kila raia atamwona kiongozi wake kwa usafi ambao haujapata kutokea, mpaka vinyweleo. Tunaingia katika dijitali kwa miguu yote miwili, na kwa niaba ya Serikali natamka rasmi kwamba maende—"

Hapo Mheshimiwa Pazi Kibweta, Waziri wa Mwonekano na Maelewano, akakatika. Hakufa, alikatika kwenye runinga tu. Fundi mitambo, kwa kuogopa kuchelewa, alikuwa amezima analojia kabla ya saa. Nchi nzima ikabaki na nusu ya neno na skrini iliyojaa chenga, zile nukta nyeupe na nyeusi zinazochemka kama mchele jikoni, pamoja na mlio wa shhh usiokwisha.

Nchi hiyo ina jina. Ila wakati wa mambo haya jina lilikuwa wizarani likifanyiwa marekebisho, kwa hiyo halitatajwa hapa, tusije tukasemekana tunatumia la zamani.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Mabatini, aliishi mama mmoja mshonaji aitwaye Bi. Salme. Wakati Waziri anakatika, Bi. Salme alikuwa ameshika mkono wa shati alilokuwa akilishona, na alikaa hivyo hivyo, sindano hewani, akingoja picha irudi. Watu wengine wa mtaa waliikosa michezo na tamthilia. Yeye alikosa kitu kingine, na inafaa kieleweke mapema.

Nchi hiyo ilikuwa na utaratibu wake wa huruma. Kila Alhamisi jioni, baada ya taarifa ya habari, runinga ya taifa ilisoma majina ya wafungwa waliosamehewa. Majina hayakubandikwa popote wala hayakusomwa redioni, kwa kuwa ilikwisha kuamuliwa kwamba redio haina uso, na msamaha bila uso ni uvumi. Mwenye ndugu aliyetajwa alitakiwa afike lango la gereza Ijumaa kabla ya adhuhuri, na shati safi mkononi, kwa sababu sare ya gereza ni mali ya umma. Mfungwa ambaye hakuna aliyemjia alihesabiwa kuwa hatakiwi kwao, akarudishwa ndani mwaka mwingine, kwa ajili ya kumlinda na upweke.

Mtoto wa kwanza wa Bi. Salme, Mbaruku, alikuwa ndani. Kosa lake lilikuwa kupiga miayo. Alikuwa uwanjani siku ya hotuba ya Rais, kamera ikapita juu ya umati, ikamkuta kijana mrefu kuliko wenzake amefungua kinywa wazi kabisa. Bi. Salme alikuwa nyumbani akitazama. Alimwona mwanawe kwenye runinga ya taifa, akapiga vigelegele, akawaita majirani. Waliomfuata Mbaruku pale umatini kumkamata hawakuonyeshwa. Basi picha ya mwisho aliyokuwa nayo mama huyo ni ule mwayo.

Tangu hapo alishona shati moja la mikono mirefu kwa vipimo alivyovikumbuka. Kila Alhamisi alilipiga pasi, akakaa mbele ya runinga, akasikiliza majina hadi la mwisho, kisha akalitundika tena. Hakuwahi kukosa hata Alhamisi moja, mpaka nchi ilipoendelea.

*

Ukweli wa mambo ulikuwa mdogo tu. Mnara wa dijitali ulikuwa bado uko bandarini, umelala chini, kuku wa mlinzi wakitagia ndani yake. Analojia ilikuwa imezimwa na dijitali haijawashwa. Katika nchi nyingine waziri angesema hivyo, lakini katika nchi ile waziri hasemi jambo linaloweza kueleweka kwa mara moja.

Yakapita magari yenye vipaza sauti. Yalitangaza kwamba kile ambacho wananchi wanakiita chenga si chenga hata kidogo. Ni matangazo ya dijitali ambayo wao bado hawajayaelewa. Analojia, Waziri alifafanua, ilimlisha mtu picha iliyokwisha kutafunwa. Dijitali inamheshimu, inamwachia atafune mwenyewe. Aliyeelewa anaona picha. Asiyeona, tatizo liko ndani yake, na Serikali imeandaa mtihani wa kumsaidia.

Huo ndio ulikuwa Mtihani wa Taifa wa Uelewa. Ukifaulu unapewa cheti, na mwenye cheti peke yake ndiye anayeruhusiwa kuuziwa king'amuzi. Ving'amuzi viliuzwa na shemeji wa mtu, vikiwa vizito na vyenye taa ya kijani inayopendeza. Kinyozi mmoja wa Mabatini alikifungua chake kwa bisibisi, akakuta betri, kitaa, na nusu tofali. Alikifunga haraka, akawaambia wateja kwamba sasa picha inakuja vizuri zaidi.

Bi. Salme alifanya mtihani huo katika ukumbi wa kata, mbele ya Mtendaji wa Kata, Bwana Kilindo, mtu wa shingo nene aliyependa kukohoa kabla ya kusema ili watu wajiandae. Maswali yalikuwa mawili. Analojia ni nini? Jibu sahihi: ni ule wakati tulipokuwa hatujui. Dijitali ni nini? Jibu sahihi: ni wakati huu. Bi. Salme aliyajibu yote mawili vizuri, Bwana Kilindo akawa ameshika muhuri. Ndipo yule mama akaharibu.

"Mtendaji, samahani," alisema. "Na majina ya Alhamisi yatasomwa wapi?"

Bwana Kilindo aliurudisha muhuri mezani kwa masikitiko ya kweli.

"Bi. Salme, umeuliza swali."

"Ndiyo, Mtendaji."

"Mtu aliyeelewa ana haja gani ya kuuliza?"

Akafelishwa. Alirudi nyumbani bila cheti, akaifunika runinga kwa kitambaa cha meza. Baadaye akakifunua tena, kwa maana Alhamisi ilikuwa inakaribia.

*

Sasa inabidi kumtaja mtoto wa pili wa Bi. Salme, binti aitwaye Zamoyoni, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni na wakati huo yuko nyumbani kwa likizo. Alikuwa msichana mwenye nidhamu isiyo kifani, nidhamu ambayo mwalimu wa zamu aliishughulikia mara nyingi kwa mkono wake mwenyewe. Si yeye aliyeweka chura katika kengele ya shule. Hilo halikuthibitishwa.

Kwa kuwa alisoma fizikia, Zamoyoni alielewa jambo hili kidogo. Mwalimu wao aliwaeleza kwamba analojia hupeleka picha kama wimbi linalofuata umbo la picha yenyewe. Wimbi likienda mbali linachoka na kuchafuka, na uchafu huo ndio chenga. Dijitali huigeuza picha kuwa tarakimu kwanza, kisha hupeleka tarakimu, na kazi ya king'amuzi ni kuzigeuza tena ziwe picha kwa ajili ya runinga za zamani. Tarakimu ama zinafika au hazifiki. Kwa hiyo penye dijitali hakuna chenga, na penye chenga hakuna dijitali.

Katika mtihani wa kata hakuandika hata neno moja kati ya hayo. Aliandika "ni ule wakati" na "ni wakati huu," akapata alama za juu kabisa, na Bwana Kilindo akamtolea mfano mbele ya watu wazima.

Tangu siku hiyo alikaribishwa kutazama runinga kwenye baraza la nyumba ya Mtendaji pamoja na wenye vyeti. Ilikuwa shughuli ya heshima. Watu walikaa kwenye viti vya plastiki, macho kwenye chenga, na ikawa desturi kwamba mkubwa asimulie kwanza alichokiona. Bwana Kilindo alikohoa, akasema leo Rais amefungua daraja. Kinyozi akasema daraja refu kweli. Mke wa mwenye duka akasifu suti ya Rais, kinyozi akaongeza kwamba ni ya bluu, na hapo pakawa na ukimya mzito kwa sababu mke wa mwenye duka alikuwa ameiona ya kijivu. Bwana Kilindo akaamua kwamba Rais alibadilisha.

Siku moja Zamoyoni, kwa unyenyekevu mkubwa, aliomba ruhusa ya kusema.

"Mtendaji, lile agizo nimelisikia vizuri? Kwamba watendaji wote wavae makoti ya mvua kazini, wawe mfano wa kujiandaa?"

Baraza zima likamgeukia Bwana Kilindo. Kilikuwa kiangazi, mbwa walilala kwenye mitaro wakitafuta unyevu. Mtendaji alizitazama chenga kwa muda, shingo ikimvimba.

"Umelisikia vizuri, binti," alisema. "Nilikuwa nangoja nione nani mwingine alikuwa makini."

Kesho yake alipita mtaani amevaa koti la mvua la mpira, jeusi, limefungwa mpaka kidevuni. Mtendaji wa kata ya jirani alimwona, hakuuliza, akaenda kununua lake. Hakuna mtu aliyetaka kuwa ndiye ambaye hakuona. Kabla wiki haijaisha mkuu wa wilaya alikagua gwaride akiwa ndani ya koti la mvua, jasho likimdondoka kwenye viatu. Zamoyoni alicheka mpaka akajifungia chooni. Hakuwa na nia mbaya. Bwenini watu hufanya makubwa zaidi ya hayo kabla ya uji.

*

Ikaja Alhamisi. Bi. Salme alipiga pasi shati, akalikunja, akamfuata binti yake mpaka kwenye baraza la Mtendaji. Hakuwa na cheti, kwa hiyo alisimama nje ya mstari wa viti, kando ya mtungi wa maji, shati kifuani.

Taarifa ya habari, kama inavyosemekana, iliisha. Sasa ilikuwa zamu ya majina, na wenye vyeti walinyamaza wote pamoja. Daraja unaweza kuliona. Suti unaweza kuiona. Lakini hakuna aliyethubutu kuona jina la mtoto wa mtu. Wakakaa wanatazama miguu yao, shhh ikiendelea, na yule mama akiwatazama mmoja mmoja usoni kama mtu anayesoma bango kwa mbali. Mwisho akamgeukia binti yake.

"Zamoyoni, mwanangu. Wewe una cheti. Wamesoma?"

Yeyote aliyemjua Zamoyoni angetarajia kwamba angesema hapana. Hiyo ndiyo kweli pekee iliyokuwepo, na haikugharimu kitu. Lakini mama yake alikuwa amelishika lile shati kwa vidole vyote kumi.

"Wamesoma, mama."

"Na?"

"La Mbaruku limo."

Bi. Salme hakulia wala hakupiga vigelegele. Aliuliza kwa sauti ndogo kama kuna mwingine aliyelisikia, maana mtoto huyu anapenda mzaha. Na hapo Bwana Kilindo, ambaye angeweza kunyamaza, akakohoa ndani ya koti lake.

"Hata mimi nimelisikia, Bi. Salme. Picha yake pia imetoka. Amenenepa kidogo."

Kinyozi akasema ni kweli, mashavu. Mke wa mwenye duka akasema ameota ndevu na zimemkaa vizuri. Wakamjenga Mbaruku pale barazani, kila mtu na kipande chake, na mama yake akawa anawasikiliza kwa furaha ambayo Zamoyoni hakuweza kuitazama. Aligeukia chenga. Kwa mara ya kwanza aliomba kwa dhati kwamba labda Waziri anasema kweli, na kwamba ndani ya ule uchafu mna kitu.

*

Ijumaa asubuhi walikwenda gerezani watatu: Bi. Salme na shati lake, Zamoyoni na uongo wake, na Bwana Kilindo aliyejitolea kuwasindikiza kama shahidi wa macho. Njia nzima Zamoyoni alijipanga kusema. Atasema wakifika kwenye kona. Kisha akajiambia atasema wakivuka reli. Reli ikavukwa.

Walipofika langoni, mkuu wa gereza alitoka nje mwenyewe, mtu mkavu aitwaye Afande Ngwilizi. Alikuwa amevaa koti la mvua.

Zamoyoni alilitazama lile koti, akaelewa kwamba mzaha wake umefika huku kabla yake na umekwisha kuchukua madaraka.

"Shikamoo, Afande," alisema Bi. Salme. "Nimemjia Mbaruku. Jina lake limesomwa jana."

"Jana," alisema Afande. "Mimi sina taarifa yoyote ya—"

"Hukuona, Afande?" aliuliza Bwana Kilindo. Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

Afande Ngwilizi alimtazama Mtendaji, akatazama koti la Mtendaji, akavuta kola ya lake.

"Nani amesema sikuona? Niliona mwanzo mpaka mwisho."

Akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu. Milango ilifunguliwa na kufungwa, watu wakaitana, mara pakasikika Afande akigomba kwamba haiwezekani asiwepo, jina limetangazwa. Bi. Salme alilikunjua shati, akalikung'uta, akalishika mabegani likiwa tayari.

Lango likafunguliwa, akatoka mtu.

Alikuwa mfupi. Alikuwa na kovu juu ya jicho na alitembea kama mtu anayeogopa kwamba ardhi itachukuliwa. Umri wake ulilingana na wa Mbaruku, na hapo ndipo ulinganifu ulipoishia. Afande alimsukuma mbele kwa mkono mmoja.

"Mbaruku huyo," alisema.

Hakuna aliyesogea. Bwana Kilindo, ambaye alimfahamu Mbaruku tangu anacheza gololi mtaani, aligundua jambo la maana sana kwenye kifungo cha koti lake. Bi. Salme alimtazama yule kijana, akatazama lango nyuma yake, akamtazama tena. Midomo yake ilianza kutengeneza neno.

"Mama," alisema Afande Ngwilizi. "Una swali?"

Yule kijana alimtazama Bi. Salme tu, bila kupepesa.

"Sina swali," alisema Bi. Salme.

Akamvua shati la gereza yeye mwenyewe, akamrudishia Afande mali ya umma, akamvalisha lile aliloshona. Mikono ilimzidi mpaka vidole vikapotea. Akaikunja mara mbili, upande mmoja kisha wa pili, taratibu, kama anavyofanya kwa wateja. Akamshika mkono wakaondoka.

Walipovuka reli, Bwana Kilindo akakumbuka ana kikao, akaachana nao. Ndipo kijana akasema.

"Mama, mimi naitwa Makame. Mbaruku nilikuwa naye chumba kimoja. Walimhamishia gereza la kaskazini, mvua za kwanza. Alikuwa mzima."

"Alikuwa mzima," alirudia Bi. Salme.

"Anapiga miayo bado. Wanamkataza, hawezi."

Mama alicheka kidogo, au lilikuwa jambo linalofanana na kucheka.

*

Nyumbani alimpakulia wali na maharage, akamtandikia kitanda cha Mbaruku. Makame alilala papo hapo, shati mwilini, huku mchana kweupe. Bi. Salme akaenda kwenye cherehani. Mtoto wake wa pili, yule mwenye nidhamu isiyo kifani, akamfuata kwa nia ya kuchukua ndoo na kutoka nje, kwa kuwa alikumbuka ghafla kwamba maji yanahitajika.

"Weka ndoo," alisema mama. "Kaa hapa."

Akakaa.

"Jana barazani uliona nini?"

Kulikuwa na majibu mengi mazuri. Shule ya bweni humfundisha mtu majibu. Kwa mwalimu wa zamu peke yake msichana huyo alikuwa nayo ya kutosha muhula mzima. Lakini mama alikuwa ameacha kushona, na cherehani ilipokuwa kimya nyumba ile yote ilikuwa kimya, isipokuwa pumzi za mtu asiye Mbaruku chumbani kwa Mbaruku.

Basi. Nimemsifia Zamoyoni huyu kiasi cha kutosha na sifa zimekwisha. Ni mimi. Chura kwenye kengele ni mimi pia.

"Chenga, mama," nikasema.

"Mwanzo mpaka mwisho?"

"Mwanzo mpaka mwisho."

Nilingoja kofi. Ningelifurahia, kofi lina mwanzo na mwisho. Mama alitikisa kichwa kukubali tu, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo alikwisha kuikisia.

"Nilijua ulipotazama pembeni," alisema. "Lakini nilitaka nifike pale langoni. Nilitaka nifike tu." Kisha akauliza, "Huyu Makame ana mama?"

Nikasema bila shaka anaye.

"Yuko wapi saa hizi?"

Sote wawili tulijua yuko wapi. Yuko kwenye mtaa mwingine, kando ya mtungi wa mtu mwingine, na shati kifuani, anatazama nyuso za wenye vyeti. Nikamwambia mama kwamba nimekosa, kwamba ilianza kama mzaha wa makoti, kwamba sikujua utafika mbali. Hakuniambia amenisamehe. Mpaka naandika haya hajaniambia.

Alifungua sanduku, akatoa kitambaa kipya cheupe, akakitandaza mezani na kukipima kwa vidole, urefu wa mtu mrefu. Alikata mkono wa kwanza kabla ya kusema tena.

"Alhamisi utakaa kiti cha mbele," alisema, bila kuinua macho. "Utaona jina la kaka yako. Na safari hii utaona na gereza alilomo."

Runinga ilikuwa pembeni, chini ya kitambaa cha meza. Nikaifunua, nikaiwasha, nikavuta kigoda. Chenga zikaanza kuchemka. Nikakaza macho, nikaanza mazoezi.